Ngoma, Miguu na Rangi

Hip hop si muziki peke yake. Ni ngoma, miguu na rangi.

Ilianzia Bronx, jijini New York. Mwaka 1973 msichana aitwaye Cindy Campbell aliandaa dansi apate pesa za nguo za shule. Kadi za mwaliko ziliandikwa kwa mkono. Kaka yake, Kool Herc, alipiga santuri. Herc aliwatazama wachezaji: walisubiri pale waimbaji wanaponyamaza, ngoma zikabaki peke yake. Basi akatumia santuri mbili za wimbo uleule, akizipokezanisha, kipande kile kikarefuka. Wachezaji wakashuka, viganja sakafuni. Mpiga ngoma wa arusi zetu hashangai. Naye humfuata mchezaji.

Na rangi? Mchoraji aliyejiita Phase 2 alichora kwenye treni, akacheza, kisha akachora matangazo ya dansi.

Karibu zaidi nasi, mjini Kampala, Breakdance Project Uganda inafundisha vijana bure tangu 2006.

Vijana, hip hop si muziki peke yake. Mkiandaa dansi, mwiteni mpiga muziki, mchezaji na mchoraji wakae pamoja tangu mwanzo. Mchoraji aanze na tangazo la karatasi. Ukuta wa mtu? Mwombeni kwanza mwenye nyumba.