Pilipili na Tangawizi: Fanya Hesabu Kabla ya Kuuza

Hotuba kwa wakulima wa viungo, Kaunti ya Taita Taveta



Kila Januari mambo hujirudia. Vuli ikinyesha vizuri, pilipili kichaa huiva karibu kila shamba kwa wakati mmoja. Karo ya shule nayo inasubiri. Dalali huja na bei yake, na mkulima mwenye haraka huikubali. Baadaye pilipili ikiadimika sokoni bei hupanda, lakini mkulima hana tena cha kuuza.

Tangawizi nayo ina kisa chake. Mwaka 2020, wakati wa korona, familia nyingi ziliinunua kwa ajili ya chai na dawa ya nyumbani, bei ikapanda. Bei ya namna hiyo haidumu. Isitoshe, Same nchini Tanzania, ambako tangawizi hulimwa kwa wingi, si mbali na Taveta. Mavuno ya jirani yakiwa mengi, bei huku hushuka.

Mkulima hawezi kuzuia hayo, lakini anaweza kufanya hesabu. Kilo nne hivi za pilipili mbichi hutoa kilo moja kavu. Kwa mfano, mbichi ikiwa shilingi 60 kwa kilo, kuuza kavu chini ya shilingi 240 ni hasara, hata kabla ya kuhesabu jasho. Bei ya kavu ikizidi hapo vya kutosha, anikeni. Tandazeni juu ya turubai au chanja, si udongoni, kwani unyevu huleta ukungu na sumukuvu. Pilipili iliyokauka vyema ikitikiswa, mbegu husikika ndani.

Tangawizi iliyokomaa inaweza kungoja ardhini wiki kadhaa bei ikiwa duni, mradi maji hayatuami shambani, yakituama, itaoza.

Siku ya kuuza, uzeni kwa kilo, si kwa kukadiria. Kikomo cha gunia kisheria ni kilo 50. Lumbesa ni jasho la mkulima linalokwenda bure. Bei za masoko mbalimbali hupatikana katika mfumo wa KAMIS wa Wizara ya Kilimo. Ziangalieni kabla dalali hajafika.

Karo haingoji, hilo linaeleweka. Basi uzeni mbichi kiasi cha karo, kinachobaki kianikwe, na kikundi kiuze kwa pamoja.