Heshima ya Kusema "Sijui": Mhadhara wa Umma juu ya Washindani wa Chemsha Bongo



Nimechagua kuzungumza juu ya watu ambao sisi wa vyuo vikuu tumezoea kuwaona kuwa ni burudani tu: washindani wa chemsha bongo kwenye televisheni. Mtu husimama chini ya taa kali, akaulizwa jambo moja, akapewa sekunde chache, na taifa zima likamtazama. Wengi hudhani anachokuja kutuonyesha ni wingi wa mambo aliyoyakariri. Dai langu ni kwamba heshima ya mshindani inatokana na kukubali kwake kukaa mahali ambapo kutojua kwake kutaonekana na kila mtu. Mwondolee hatari hiyo, na jibu lake halina thamani hata likiwa sahihi. Nitalitetea dai hili kwa kisa kilichotokea New York katika miaka ya 1950, kisa ambacho mhusika wake mkuu alikuwa mwalimu wa chuo kikuu kama sisi.

Vibanda viwili

Tarehe 12 Septemba 1956 shirika la NBC la Marekani lilianza kurusha kipindi kilichoitwa Twenty-One. Watayarishaji wake walikuwa Dan Enright na Jack Barry, na Barry ndiye aliyeuliza maswali. Washindani wawili waliingia kila mmoja katika kibanda kisichopitisha sauti, asijue mwenzake amepata alama ngapi. Mshindani alichagua uzito wa swali, kuanzia alama 1 hadi 11, na lengo lilikuwa kufikisha alama 21. Kila alama ya tofauti kati yao ililipwa dola 500. Wakitoka sare, mchezo ulirudiwa na thamani ya kila alama ikapanda kwa dola 500 nyingine. Kwa hiyo sare ziliongeza fedha, fedha zikaongeza watazamaji.

Kipindi cha kwanza kilichezwa kwa haki, na kikaharibika. Washindani walikosa swali baada ya swali. Mdhamini, kampuni iliyouza Geritol, dawa ya maji yenye madini ya chuma, alikasirika na kudai jambo hilo lisitokee tena. Tangu hapo Enright akaanza kuwapa washindani maswali na majibu mapema, na kuwafundisha jinsi ya kuyatoa.

Mmoja wa washindani hao, Herbert Stempel, alikuwa askari wa zamani aliyekulia Bronx na kusoma City College ya New York. Kichwa chake kilikuwa ghala kweli. Alijua mengi bila kusaidiwa na mtu. Hata hivyo alitengenezwa upya. Aliagizwa anyolewe nywele fupi kama mwanajeshi, avae suti kuukuu iliyompwaya, afunge saa ya bei rahisi iliyosikika ikigonga kwenye kipaza sauti. Alifundishwa kugusagusa jasho la paji la uso badala ya kulifuta, ili watazamaji walione. Wakati washindani wengine walimwita mtangazaji "Jack", yeye alitakiwa kusema "Bwana Barry", kama mtumishi mbele ya tajiri wake. Kila kitu kilipangwa ili watu wamwone ni maskini mwenye akili, na baadaye, kipindi kitakapohitaji, wachoke naye.

Walipochoka naye, akaletwa Charles Van Doren, kijana mtanashati aliyefundisha Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Columbia. Baba yake, Mark Van Doren, alikuwa amepata Tuzo ya Pulitzer ya ushairi mwaka 1940. Usiku wa tarehe 5 Desemba 1956 Stempel aliulizwa ni filamu gani iliyopata Oscar ya filamu bora ya mwaka 1955. Jibu lilikuwa Marty, hadithi ya mchinja nyama mpweke wa Bronx, na Stempel aliipenda filamu hiyo. Alikuwa ameagizwa aseme On the Waterfront, iliyoshinda mwaka uliotangulia. Akasema hivyo. Mtu aliyejua jibu alilazimishwa kuonekana hajui, ili mwingine aonekane anajua yote. Mchezo ulikwisha usiku huohuo na Van Doren akawa bingwa. Februari 1957 picha yake ilitokea kwenye jalada la jarida la Time. Alipoondoka kipindini alikuwa ameshinda dola 129,000, na NBC ikamwajiri.

Hoja iliyomshinda mwalimu

Hapa ndipo ninapowaomba mnisikilize kwa makini. Van Doren hakuwa mwizi kwa tabia. Kwa ushahidi wake mwenyewe, aliomba aruhusiwe kushindana kwa haki. Mtayarishaji Albert Freedman alimjibu kwamba hilo haliwezekani: Stempel anajua mno, asingemweza, na kuwasaidia washindani ni jambo la kawaida katika kazi za burudani. Kisha akaongeza hoja iliyomlainisha, kwamba kwa kuonekana kwenye kipindi kile atawafanyia hisani walimu, wasomi na elimu kwa jumla.

Aliambiwa adanganye kwa faida ya elimu, naye akakubali. Ndugu zangu walimu, hoja hiyo ni mtego uliotegwa mahsusi kwa watu wa aina yetu. Fedha peke yake huenda tungeikataa. Lakini tukiambiwa kwamba heshima ya taaluma inahitaji tuonekane tunajua kila kitu, tunalegea, kwa sababu ndani kabisa tunaamini hivyo. Tunaamini kwamba mwalimu aliyekwama amejiaibisha, amewaaibisha na wenzake wote.

Matokeo yake tunayajua, kwani njia ya mwongo ni fupi. Mwaka 1958 kipindi kingine, Dotto, kiliondolewa hewani baada ya daftari la mshindani mmoja kukutwa na majibu ndani yake. Stempel, ambaye malalamiko yake yalikuwa yamepuuzwa, akaanza kusikilizwa. Mshindani mwingine wa Twenty-One, msanii James Snodgrass, alikuwa amechukua hatua ya busara: kabla ya kutokea kipindini mwaka 1957 alijiandikia barua zenye maswali na majibu aliyopewa, akazituma kwake mwenyewe kwa rejista, wala hakuzifungua. Zilipofunguliwa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani mwaka 1959, muhuri wa posta ulikuwa ushahidi usiobishika.

Tarehe 2 Novemba 1959 Van Doren alikiri mbele ya kamati hiyo. Baadhi ya wabunge walimsifu kwa kusema kweli. Mbunge mmoja wa New York, Steven Derounian, alikataa: mtu mzima mwenye akili kama yake, alisema, hastahili pongezi kwa kusema kweli. Van Doren alipoteza kazi zote mbili, ya Columbia na ya NBC.

Jambo la kushangaza ni kwamba hakuna sheria iliyokuwa imevunjwa kipindini. Kupanga matokeo ya chemsha bongo hakukuwa kosa. Van Doren na wenzake kadhaa walitiwa hatiani baadaye kwa kosa tofauti, la kusema uongo chini ya kiapo mbele ya jopo la uchunguzi. Bunge lilijaza pengo hilo mwaka 1960, likafanya udanganyifu wa aina hiyo kuwa kosa la jinai. Sheria ikatambua kile watazamaji walichokwisha kukihisi, kwamba wameibiwa. Hawakuibiwa fedha, maana wao hawakulipa kitu. Waliibiwa imani kwamba yule mtu kibandani, akikunja uso na kuuma midomo, alikuwa anatafuta kweli.

Michezo inayolinda kutojua

Tutazame sasa vipindi vilivyodumu kwa haki. Vyote vimempa asiyejua nafasi ya wazi.

Mwaka 1972 BBC ilianzisha Mastermind, iliyobuniwa na Bill Wright kutokana na kumbukumbu zake za kuhojiwa na Wajerumani alipokuwa mateka wa vita. Mshindani hukaa peke yake kwenye kiti cheusi, chini ya taa moja. Asipojua, husema neno moja la kuliruka swali, na maswali yanaendelea. Mwisho mwulizaji humsomea majibu ya maswali aliyoyaruka, hadharani, bila kejeli. Huo ni ufundishaji wa kweli: umekiri hujui, na papo hapo unaelimishwa pamoja na nchi nzima. Katika kiti hicho, mwaka 1980, bingwa alikuwa Fred Housego, dereva wa teksi wa London. Mwaka 1983 alikuwa Christopher Hughes, dereva wa treni za chini ya ardhi. Kiti kisichompendelea mtu hakiulizi baba yako ni nani.

Jeopardy!, iliyoanza tarehe 30 Machi 1964, ilizaliwa na kashfa yenyewe. Merv Griffin alikuwa ndani ya ndege na mkewe, Julann, wakijadili jinsi ya kufufua chemsha bongo baada ya watu kupoteza imani nayo. Mkewe akauliza: kwa nini usiwape washindani majibu waziwazi, wao watafute swali? Akamtupia mfano: 5,280. Mumewe akajibu kwa swali: maili moja ina futi ngapi? Katika mchezo huo, anayekosea hukatwa fedha alizokwisha kupata, na anayebonyeza kitufe kabla swali halijasomwa lote hufungiwa kwa muda mfupi. Anayejifanya anajua hulipia.

Mwaka 2004 Ken Jennings alishinda michezo 74 mfululizo na kukusanya zaidi ya dola milioni 2.5. Katika kipindi kilichorushwa tarehe 30 Novemba aliulizwa juu ya kampuni ambayo wengi wa wafanyakazi wake 70,000 wa msimu hufanya kazi miezi minne tu kwa mwaka. Akaandika FedEx. Ilikuwa H&R Block, kampuni ya kuandaa hesabu za kodi. Nancy Zerg alijua. Jennings akamkumbatia, na ukumbi ukasimama kuwapigia makofi wote wawili. Linganisheni makofi hayo na yale aliyopigiwa Van Doren.

Februari 2011 kompyuta ya IBM, Watson, iliwashinda Jennings na Brad Rutter. Hata hivyo, katika swali moja juu ya miji ya Marekani iliandika Toronto, mji wa Kanada, ikaweka alama tano za kuuliza kuonyesha kwamba haina uhakika. Wahandisi wake walikuwa wameifundisha kupima uhakika wake na kukaa kimya inapotia shaka. Walioitengeneza waliona kwamba mashine isiyojua mpaka wa ujuzi wake haifai kushindana. Je, sisi tunawadai wanafunzi wetu hivyo?

Deni letu

Afrika Mashariki haiko mbali na kisa hiki. Machi 2016 serikali ya Kenya ilivunja bodi ya Baraza la Mitihani baada ya udanganyifu mkubwa katika mitihani ya 2015. Mwanafunzi aliyeuziwa karatasi kabla ya siku ya mtihani ni Van Doren asiye na kamera. Mzazi anayemnunulia husema hoja ileile ya Freedman kwa maneno mengine: ni kwa ajili ya elimu yako, mwanangu. Na mtoto maskini wa kijijini, aliyekesha akisoma, anageuzwa Stempel.

Hatukosi mfano mwema. Mwaka 2007 wanafunzi wa vyuo vya Kenya, Uganda na Tanzania walishindana kwenye televisheni katika Celtel Africa Challenge, John Sibi-Okumu akiwauliza maswali. Mashindano yalikuwa kwa Kiingereza. Natamani yaje mengine kwa Kiswahili, kwa sababu lugha ya kigeni huficha tofauti kati ya asiyejua na asiyeweza kusema.

Ninatoa mapendekezo matatu. Kwanza, kila kozi ya shahada iwe na mtihani wa mdomo ulio wazi kwa wanafunzi wengine, ambamo anayesema "sijui" apoteze alama za swali hilo tu, na anayebahatisha kwa kujifanya apoteze zaidi. Pili, vituo vya televisheni vinavyorusha chemsha bongo vichapishe kanuni zao, na nchi zetu zitunge sheria inayofanya kupanga matokeo kuwa kosa la jinai, kabla ya kashfa badala ya baada yake. Tatu, sisi wahadhiri tuanze. Mwanafunzi akituuliza tusilolijua, tuseme hivyo mbele ya darasa zima, kisha kipindi kinachofuata tulete jibu na tueleze tulivyolipata. Kuuliza si ujinga, wahenga walikwisha kusema. Kujibu "sijui" nako si ujinga, na chuo ambacho walimu wake hawathubutu kulitamka hakina haki ya kumwadhibu mwanafunzi aliyeibia mtihani.