Kabla ya Kununua Tairi, Lisome

Matini ya mazungumzo ya msimamizi wa karakana ya Halmashauri kwa wakazi wa kata, kuelekea mvua za masika



Nimeombwa nizungumze juu ya namna ya kuchagua matairi ya kubadilisha pale yaliyopo yanapokwisha. Huenda wapo wanaojiuliza jambo la wenye magari linawahusu nini wao wanaotembea kwa miguu. Linawahusu. Mgonjwa anapozidiwa saa nane za usiku, mara nyingi gari la kwanza kuitwa katika vijiji vyetu ni Noah au HiAce ya jirani. Magari hayohayo ndiyo yanayopeleka watoto shuleni, mahindi gulioni na waombolezaji mazikoni. Tairi ni mali ya aliyelinunua, lakini hatari yake hugawanywa kwa abiria wote, na hakuna aliyewauliza siku liliponunuliwa.

Kila tairi huuzwa likiwa na maandishi ubavuni, nayo husema karibu kila kitu ambacho muuzaji anaweza kukisahau. Sisi tumezoea kulibonyeza kwa kidole gumba, kutazama unene wake, kisha kuuliza bei. Ombi langu leo ni kwamba tulisome kwanza.

Naanza na umri, kwa kuwa ndio unaotupoteza zaidi. Ubavuni mwa tairi pana mfululizo wa herufi na tarakimu, ambao mara nyingi hutanguliwa na herufi DOT. Mwishoni mwake mna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye 2319 lilitengenezwa katika wiki ya 23 ya mwaka 2019, yaani mwanzoni mwa Juni. Katika matairi mengi tarehe hiyo huandikwa upande mmoja tu. Ukiukuta mfululizo umekatika bila tarakimu hizo nne, mwombe muuzaji aligeuze tairi uone upande wa pili. Lenye tarakimu tatu tu lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, na hilo halifai hata kuwa spea.

Mpira huzeeka hata usipotumika. Joto, jua na hewa huukausha, ukapoteza unyumbufu wake, na nyufa nyembamba zikajitokeza ubavuni na ndani ya mifereji. Watengenezaji kadhaa wa magari hushauri tairi libadilishwe likifikisha miaka 6. Watengenezaji wa matairi, Michelin wakiwa miongoni mwao, hushauri likaguliwe na fundi kila mwaka baada ya miaka 5 ya matumizi, na liondolewe likitimiza miaka 10 tangu litengenezwe, hata kama kwa macho linaonekana zima. Kwa jua hili letu na barabara zetu za changarawe, mimi husimama kwenye miaka 6.

Hapa ndipo tairi la mtumba linapotunasa. Laweza kuwa na mifereji ya kina kirefu kwa sababu tu gari lake la kwanza halikuwa likitembea sana. Muuzaji akikuambia kwamba halijatumika, huenda anasema kweli tupu. Ila hajakuambia lilitengenezwa lini. Wala msidhani kwamba hili ni la mtumba peke yake. Tangu kiwanda cha General Tyre cha Arusha kisimamishe uzalishaji, matairi yetu mengi hutoka ng'ambo, na tairi jipya laweza kupita bohari moja hadi nyingine kabla ya kufika kwa muuzaji wa mjini. Tairi jipya la mwaka mmoja uliopita silikatai. La miaka minne, likiuzwa kwa bei ya jipya, nalirudisha.

Sisemi kwamba mtumba usinunuliwe kabisa. Najua hali zetu. Nasema bei yake ihesabiwe kwa muda uliobaki. Tuseme, kwa mfano tu, jipya ni shilingi 200,000 na la mtumba ni shilingi 80,000. Ikiwa hilo la mtumba limekwisha kutimiza miaka 5, umenunua mwaka mmoja kwa shilingi 80,000. Jipya likikuhudumia miaka minne, kila mwaka umeugharimia shilingi 50,000. Ukiamua bado kuchukua la mtumba, lione likiwa nje ya rimu. Pitisha mkono ndani ukitafuta viraka, nyuzi zilizojitokeza na mahali palipoungua. Tairi lililoshonwa ubavuni liache hapohapo, hata ukipewa bure, kwa maana ubavu ndio unaojikunja kila tairi linapozunguka na hakuna uzi utakaouhimili mkunjo huo kwa muda mrefu.

Yupo pia mgeni ambaye huja na mitumba na magari yaliyotumika kutoka Japani: tairi la theluji. Huko lina kazi ya maana sana. Mpira wake ni laini ili usigande kwenye baridi kali, na kila kipande cha uso wake kimekatwa mikato mingi myembamba ili king'ate barafu. Kwenye lami ya Februari ulaini huo ni balaa. Tairi huliwa upesi, gari hulegalega kwenye kona, na mvua inaponyesha juu ya lami yenye joto halishiki inavyopasa. Kulitambua si vigumu: ubavuni huandikwa STUDLESS, au huwa na picha ya mlima wenye kipande cha theluji ndani yake. Wengi hulipenda kwa kuwa huonekana limejaa mifereji. Kama gari lako limetoka bandarini likiwa na matairi ya namna hiyo, yaweke ya kwanza kwenye orodha ya vitu vya kubadilisha, hata kama bado yanang'aa.

Sasa uzito. Chukua tairi lenye maandishi 195/65R15 91S, ambalo hufungwa kwenye Noah nyingi. Upana wake ni milimita 195, kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, R ni muundo wa nyuzi zake, na 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Hayo kila muuzaji anayajua. S ni kikomo cha mwendo, kilomita 180 kwa saa, nacho hakitusumbui huku kwetu. Inayosahauliwa ni ile 91. Katika jedwali linalotumiwa na watengenezaji duniani, 91 maana yake ni kilo 615 kwa tairi moja, likiwa na upepo linaostahili.

Nenda sasa kwenye HiAce. Nyingi kati ya hizi za umbo jipya zilitengenezwa kwa tairi la 195/80R15 lenye alama 107/105. Hiyo 107 ni kilo 975. Angalieni basi: upana ni uleule, 195, na rimu ni ileile, 15. Mtu akienda dukani akataja namba hizo mbili tu, anaweza kabisa kupewa tairi la gari dogo, likaingia kwenye rimu bila shida, naye akarudi nyumbani akifurahia bei. Kila tairi lina upungufu wa kilo 360. Gari likiwa tupu hutaona kitu. Likijaa abiria na magunia juu, mbavu zake hujikunja kupita kiasi, joto hupanda ndani ya mpira, nyuzi huachana, na tairi hupasuka likiwa kwenye mwendo. Baada ya hapo watu husema lilipasuliwa na jua. Kwa gari la abiria wengi au la mizigo, tafuteni herufi LT au C katika maandishi ya ukubwa, kisha mlinganishe namba ya uzito na iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Iwe ileile au kubwa zaidi, kamwe isiwe ndogo.

Suala la kina cha mifereji nitalipitia haraka. Tairi jipya la gari dogo huwa na takriban milimita 8. Ndani ya mifereji mna vinundu vidogo vya mpira. Uso wa tairi ukiwa sawa navyo, zimebaki milimita 1.6, ambazo ndizo kikomo cha sheria katika nchi nyingi, ikiwemo Uingereza. Kwa masika kikomo hicho naona ni kidogo mno, kwa kuwa kazi ya mifereji ni kuyatoa maji chini ya tairi, na mfereji usio na kina hauna pa kuyapeleka. Zikibaki milimita 3, anza kutafuta fedha. Kupima, chomeka njiti ya kiberiti ndani ya mfereji, weka alama kwa ukucha, kisha uilaze juu ya rula ya mwanafunzi. Na wale wanaochonga mifereji upya kwa kisu cha moto waelewe kwamba matairi yanayoruhusu kazi hiyo ni ya magari makubwa, nayo huandikwa REGROOVABLE, kwa sababu yameongezewa mpira chini ya mifereji. La gari dogo halina akiba hiyo. Kisu kikishuka, kinaelekea kwenye nyuzi za chuma.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni la mtu mwenye fedha za matairi mawili tu: ayafunge wapi? Wengi hujibu mbele, kwa hoja kwamba ndiko kwenye usukani na, kwa magari mengi madogo, ndiko injini inakovuta. Hoja hiyo inaeleweka, lakini naipinga. Fikirini gari linalokata kona yenye maji. Matairi ya mbele yakiteleza, gari hukataa kupinda na kuendelea kwenda mbele. Dereva huhisi usukani umekuwa mwepesi, huachia mafuta, gari hupunguza mwendo, na mara nyingi matairi hushika tena. Ya nyuma yakitangulia kuteleza, mkia wa gari hukimbilia nje ya kona. Onyo la mapema kwenye usukani hakuna, na dereva akikanyaga breki kwa hofu hulizidishia gari kuzunguka. Kulirudisha gari la namna hiyo kunataka ustadi ambao wengi wetu hatukufundishwa chuoni. Kwa hiyo mapya yakae nyuma, na yaliyobaki na nafuu yahamie mbele, hata kama gari linavuta kwa mbele. Sharti ni kwamba hayo ya mbele nayo yasiwe vipara. Aliye na vipara vinne ana haja ya matairi manne, na matairi mawili mapya hayatamwondolea haja hiyo.

Matairi mawili ya ekseli moja yawe ya ukubwa mmoja na aina moja. Kwa gari linalovuta magurudumu yote manne wakati wote, yote manne yakaribiane kuchakaa. Tofauti kubwa ya mzingo huichosha gia inayogawa nguvu, na matengenezo yake huzidi bei ya matairi.

Siku ya kufunga usiondoke dukani upesi. Mwambie fundi aweke valvu mpya, apime balansi, na asiingize tyubu ndani ya tairi lisilohitaji tyubu ili kuficha rimu iliyopinda. Tyubu hiyo husuguana na tairi, hupata joto, na ikitoboka upepo wote hutoka kwa mara moja. Dai risiti ya mashine, na umwombe muuzaji aandike juu yake zile tarakimu nne za tarehe. Atakayesita kuziandika amekusaidia kuamua.

Kuhusu upepo, kiasi sahihi kimo kwenye kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva. Namba kubwa iliyochapwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha juu, wala si kiasi cha kujaza. Magari ya Japani mara nyingi huandika kwa kPa: 220 ni sawa na 32 kwenye pampu zetu. Gari likibeba watu wengi, soma mstari wa mzigo mzito ikiwa upo. Na spea ipimwe pia, tena isomwe tarehe yake, maana wengi hawaikumbuki hadi usiku wanapoihitaji.

Karakana ya Halmashauri haiuzi matairi, wala haina duka inalolipendekeza. Ila kipimo kimoja cha upepo kitaachwa ofisini kwa Mtendaji wa Kata kuanzia wiki hii. Anayekihitaji ajiandikishe kwenye daftari, apime asubuhi kabla gari halijatembea, na akirudishe siku hiyohiyo ili jirani naye akipate.