Vipimo vya Homoni katika Tiba ya Akromegali: Mazungumzo na Ukoo Wetu, Sydney

Nimeombwa niueleze ugonjwa wangu, kwani habari zake zimekwenda kwa simu kutoka nyumba hadi nyumba, na kila zilipofika zilipata jina jipya.

Jina lake ni akromegali, alilolitoa tabibu Mfaransa Pierre Marie mwaka 1886. Chanzo chake, takriban mara zote, ni uvimbe usio wa saratani katika pituitari, tezi ndogo kama njegere iliyo chini ya ubongo. Uvimbe huo humwaga homoni ya ukuaji kupita kiasi. Mtu aliyekwisha komaa harefuki tena. Hupanuka viganja, nyayo, taya na ulimi. Pete hukataa kuvuka kifundo, na mkoromo huamsha nyumba nzima. Ukiachwa, huleta kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo.

Mimi nilipasuliwa kupitia puani, lakini kipande cha uvimbe kilibaki kando ya mshipa mkubwa wa damu. Ndipo nikaanzishiwa sindano ya oktreotaidi, moja kila baada ya siku 28.

Mnaniuliza: ikiwa umepona, mbona unatolewa damu kila mara? Sijapona, jamaa zangu, nimedhibitiwa. Homoni ya ukuaji haitiririki kama maji ya bomba. Hutoka kwa mapigo, zaidi usiku usingizini, hata kipimo kimoja cha saa nne asubuhi kinaweza kumdanganya daktari. Kwa hiyo hutazamwa IGF-1, ambayo ini huitengeneza kwa amri ya homoni hiyo, na ambayo haipandi na kushuka sana kutwa. Husomwa kwa kulinganishwa na umri: kiwango kinachomfaa kijana wa miaka 20 ni kikubwa mno kwangu mwenye miaka 58. Njaa ya muda mrefu, ini bovu na vidonge vya estrojeni huweza kuishusha kwa uongo.

Liko pia jaribio la kunywa gramu 75 za glukosi, kisha damu kuchukuliwa kwa muda wa saa mbili. Kwa asiye na ugonjwa homoni hushuka. Kwa mgonjwa hukaidi. Lakini kwa anayechomwa sindano kama yangu halina faida kubwa. Na anayetumia pegvisomanti hapimwi homoni yenyewe kabisa, kwa sababu dawa hiyo huzuia kazi yake tu, haizuii kutoka kwake; yeye hutegemea IGF-1, pamoja na vipimo vya ini.

Damu yangu huchukuliwa siku chache kabla ya sindano inayofuata, tena katika maabara ile ile, maana mitambo haifanani. Hapa Sydney tuna bahati: katika Taasisi ya Garvan, Darlinghurst, iliyoanzishwa 1963, Profesa Ken Ho aliongoza kwa miaka mingi utafiti wa pituitari.

Mwezi uliopita kipimo changu kilivuka kiwango cha umri wangu, ilhali najisikia mzima. Dozi imeongezwa. Safari ya Tanga niliyowaahidi nimeiahirisha hadi matokeo mapya yatoke. Shangazi yangu anisamehe.

Limebaki jambo moja, nalo linawahusu nyinyi. Wagonjwa wengi hawana mwenzao katika ukoo, lakini wachache wanaye; mwaka 2006 wataalamu walitangaza jeni iitwayo AIP, ambayo ikiharibika hurithisha uvimbe huu, na mara nyingi huanza ujanani. Yule babu mdogo tunayesimuliwa kuwa alikuwa pandikizi la mtu, ambaye viatu vyake vilishonwa kwa kuagizwa, simfahamu kwa sura. Aliye na picha yake anipatie nakala nimpelekee daktari. Na kijana ambaye viatu vinambana kila mwaka ingawa amevuka miaka 20, anione leo. Nitakuwa kwenye meza ya karibu na mlango.