Uwele Tusiuuze Wote

(Mazungumzo ya Katibu wa Tawi mbele ya wanachama wa ushirika)

Ndugu wanachama,

Wachuuzi wameanza kuulizia uwele wetu. Wapo wenzetu wanaosema tuuze wote, fedha tununulie sembe. Sawa, lakini kabla ya kupima gunia hata moja tuhesabu kwanza tunachouza.

Gramu 100 za uwele zina protini kama gramu 11 na mafuta kama gramu 5. Chuma, yaani madini ya kuongeza damu, ni miligramu 6 au zaidi. Sembe nyeupe isiyoongezwa madini haifiki 2. Basi tukibadilishana gunia kwa gunia tumepunjwa, hata mizani ikiwa sawa. Wa kwanza kupunjwa ni mama mjamzito na mtoto anayeanza uji. Tena kwa mvua yetu hii ya Dodoma, kama milimeta 600 kwa mwaka, mahindi hayana uhakika, na bei ya sembe mwezi wa Januari hatuipangi sisi.

Ila uwele nao una masharti. Tukiukoboa mpaka ukawa mweupe, chuma kingi tunawapa kuku kwenye pumba. Hata kilichobaki mwili haukipati chote. Kuuloweka, kuotesha kimea au kuchachusha uji, kama walivyofanya bibi zetu, hukilegeza. Mboga iwe na kunde. Chumvi iwe ya madini joto, maana kula uwele mtupu kila siku kunaweza kuleta rovu. Na unga tusage wa siku chache tu, kwa ajili ya mafuta yake. Eti uwele mchungu! Siyo uwele huo, ni unga wa mwezi uliopita.

Kwa mifugo: kuku wanakula punje zake badala ya mahindi. Mtama mchanga una sumu inayoua ng'ombe, uwele hauna sumu hiyo. Lakini ulionyauka kwa ukame kabla ya kukomaa tusiwape kwa wingi, una hatari nyingine. Mabua makavu yanajaza tumbo tu, tuyachanganye na majani ya karanga.

Kamati inapendekeza kila kaya iweke kwanza chakula cha kufika mavuno yajayo, ziada ndiyo iuzwe. Tutaamua Jumamosi saa 4 asubuhi, ghalani. Kina mama wenye watoto wadogo waje wenyewe, wasitume waume zao.