Maswali Mawili ya Kuulizana Nyumbani

Leo nimekuletea vitabu viwili kutoka Marekani, kimoja cha afya, kingine cha fedha. Vyote nimevisoma nikimkumbuka marehemu baba. Alilazwa miezi mitatu, nasi wanawe tukawa tunabishana koridoni: ahamishwe, asihamishwe, nani achange ngapi. Yeye mwenyewe anataka nini? Hilo hatukumuuliza mpaka siku ambayo hakuweza tena kujibu.

Kitabu cha kwanza ni Being Mortal cha Atul Gawande, daktari wa upasuaji wa mjini Boston. Kilitoka mwaka 2014. Gawande anakiri bila kuzunguka kwamba udaktari ulimfunza kupigania uhai, lakini haukumfunza azungumze vipi na mtu anayekaribia kufa.

Anatusimulia habari za Susan Block, bingwa wa tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa mateso na kuishika mkono familia yake. Baba yake, profesa Jack Block, alikutwa na uvimbe kwenye uti wa mgongo, sehemu ya shingo. Ilipokaribia siku ya upasuaji, binti akiwa njiani ametoka kumwona, alishtuka: kila siku huwauliza wagonjwa wa watu wanachokitaka, na baba yake hajamuuliza! Akageuza gari. Mzee akamwambia kwamba akiweza kula aiskrimu ya chokoleti na kutazama mpira kwenye televisheni, yuko radhi kuvumilia maumivu mengi ili aishi.

Baada ya upasuaji, damu ikavuja ndani. Madaktari wakampa Susan dakika tatu aamue kama baba arudishwe chumba cha upasuaji au aachwe. Akawauliza: akipona, ataweza kula aiskrimu na kutazama mpira? Wakasema ataweza. Basi mrudisheni, akasema. Mzee aliishi miaka kumi mingine, akaandika na vitabu.

Usidhani haya ni mambo ya huruma tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliwafuatilia wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyokwisha kusambaa. Waliopewa tiba shufaa mapema, pamoja na matibabu ya kawaida, waliishi takriban miezi 11 na nusu. Wenzao takriban 9. Huzuni pia iliwapungua waliopewa tiba hiyo. Na mwishoni, Gawande anamuuliza baba yake mwenyewe maswali hayohayo. Kurasa hizo zisome taratibu.

Kitabu cha pili ni The Psychology of Money cha Morgan Housel, cha mwaka 2020. Katika kurasa zake za mwanzo tunakutana na Ronald Read wa Vermont, aliyefanya kazi kwenye kituo cha mafuta, kisha akawa mfagiaji dukani. Alipofariki mwaka 2014 akiwa na miaka 92, majirani walipigwa na butwaa: mzee yule aliacha zaidi ya dola milioni 8. Alikuwa akinunua hisa za kampuni kubwa kidogokidogo, anaziacha, miaka inapita. Sehemu kubwa ya mali hiyo aliiachia hospitali na maktaba ya mji wake.

Housel anasema fedha hutunzwa kwa tabia kuliko kwa elimu, na faida yake kubwa ni kukufanya uwe mmiliki wa muda wako. Hapo mimi na yeye tuko pamoja. Ninapotofautiana naye ni hapa: mshahara anaoufikiria ni wa mtu mmoja na kaya yake. Wa kwetu unapita mikono mingi kabla haujafika mwisho wa mwezi: karo ya mpwa, dawa ya shangazi, mchango wa msiba. Ushauri wa kusubiri soko la hisa miaka 50 utatufaa wachache.

Lakini sura yake juu ya kutosha ni ya kila nyumba. Kutosha kwetu ni kiasi gani? Familia iliyokwisha kulijibu swali hilo hutenga cha akiba hata kiwe kidogo, na siku mgonjwa anapolazwa, kuna anayeweza kuacha kazi zake akakaa kando ya kitanda. Sisi tulikosa hilo. Kaka yangu mmoja alikuwa mbali akihangaikia fedha za hospitali, na baba alikuwa akimtaja yeye.

Jumapili iliyopita nilimfuata mama jikoni nikamuuliza: siku ukiugua sana, ni kitu gani hutaki tukunyang'anye? Alinyamaza, akaendelea kuchambua mchele. Kisha akasema anataka kulala chumbani kwake, dirisha likiwa wazi, awasikie wajukuu wakicheza uani. Nimeliandika jibu lake kwenye daftari, na kaka zangu wote nimewasomea.