Kompyuta Iliyozimika Haijafa Yote

(Mazungumzo ya ofisa wa elimu ya watu wazima kwa wanakisomo wa Wilaya ya Same)



Leo tuzungumze juu ya kompyuta kuukuu ya mezani. Wazee mliopo hapa mtakumbuka kwamba mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Siku hizo kompyuta ilikuwa kitu cha wizara. Leo kompyuta zimepanda mpaka milimani, katika shule, zahanati na vikundi vya wakulima. Nyingi ni mitumba, zimekwisha kutumika kwingine. Basi, kuzimika ni jambo la kawaida.

Ikizimika tunafanya nini? Wengi wetu tunaitupa stoo, au tunamwuzia mnunuzi wa vyuma chakavu kwa kilo. Hapo tunapoteza mali. Kompyuta ni kama baiskeli: mnyororo ukikatika, magurudumu bado ni mazima. Tuichunguze kwanza, tukianza na jambo jepesi.

Kwanza, umeme. Tuchomeke chaja ya simu kwenye soketi ileile. Simu ikipokea chaji, soketi ni nzima. Kisha tubadili waya. Mara nyingi waya wa monita unaingia pia kwenye kompyuta. Tutazame na nyuma ya kompyuta. Kuna swichi ndogo: alama ya I ni kuwasha, O ni kuzima. Nyingine zina swichi ya pili yenye namba 115 na 230. Kwetu Tanzania ni 230. Ikiwekwa 115, mashine itaungua.

Pili, vumbi na unyevu. Hapa Same mjini, na kule Makanya na Hedaru, adui ni vumbi. Kule juu Chome, adui ni ukungu na unyevu. Tuchomoe waya ukutani kabla ya kufungua sanduku. Tubonyeze kitufe cha kuwasha kwa sekunde chache, halafu tuguse chuma cha sanduku. Vumbi lipanguswe kwa brashi kavu. Maji hapana! Feni ikikwama kwa vumbi, mashine hupata joto na kujizima yenyewe.

Tatu, kibao cha kumbukumbu, ambacho mafundi hukiita RAM. Dalili ni hizi: feni zinazunguka, kioo ni cheusi, na mashine inalia pii, pii. Tukichomoe kibao hicho. Tufute meno yake ya rangi ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, taratibu. Tupanguse unga wa kifutio, kisha tukirudishe mpaka vibanio vifunge. Vikiwa viwili, tujaribu kimoja kimoja. Mara nyingi kazi huishia hapo, bila kutoa hata shilingi.

Nne, betri. Kama tarehe na saa zinapotea kila asubuhi, betri ndogo bapa kama sarafu imekwisha. Nyingi zimeandikwa CR2032, nayo ni volti 3. Tusome namba iliyoandikwa, tukanunue ileile. Hii ndiyo faida ya kisomo, siyo?

Sasa, onyo. Kuna kisanduku cha chuma kinachoingiza umeme, mafundi hukiita pawa saplai. Kikiharibika, kibadilishwe kizima. Tusikifungue. Sote tunaijua ndiva. Hata mfereji ukifungwa, ndiva inabaki na maji. Kisanduku kile nacho kina vifaa vinavyotunza umeme hata baada ya waya kuchomolewa. Umeme huo unaweza kuua. Monita ya zamani yenye kichogo ni vilevile: tusiifungue.

Je, mashine ikikataa kabisa? Tutoe vilivyo vizima. RAM huenda ikafaa mashine nyingine, lakini pengo lake lazima lilingane na la kule inakokwenda, isilazimishwe. Feni nyingi ni za volti 12. Nyaya na kibodi zitunzwe. Skrubu tuziweke kwenye kifuniko cha chupa zisipotee.

Lakini cha kwanza kutoa ni diski, kwa sababu humo ndimo mlimo maandishi yetu. Kikundi kimoja cha wakulima wa tangawizi huko milimani kilibakiza kidogo kuuza kompyuta yake kwa kilo. Mama mmoja mjane akakataa. Alikuwa amelipa hisa zake zote, stakabadhi ikaloa mvua, na baadhi ya wenzake wakasema hakulipa. Fundi akatoa diski, akaiunganisha na kompyuta nyingine. Jina la mama yule likaonekana, na fedha zake, na tarehe. Wenzake wakanyamaza. Kompyuta ilikuwa imekufa, lakini haki yake ilikuwa hai.

Basi diski isiuzwe kabla maandishi hayajanakiliwa na kufutwa. Tukiisikia ikigonga ka, ka, ka, tuizime mara moja, tuipeleke kwa fundi.

Mwisho, mabaki. Watoto wasichome nyaya ili kupata shaba. Moshi ule ni sumu. Kioo cha monita ya kichogo kina risasi, na risasi ni sumu kwa maji na udongo. Mwaka 2021 nchi yetu iliweka kanuni za taka za vifaa vya umeme na elektroniki, chini ya usimamizi wa NEMC. Mabaki tuyaweke pahali pakavu, tumwulize ofisa mazingira yanakopelekwa.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari jingine limo ndani ya diski.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:
1. Kompyuta ikizimika, tuchunguze nini kwanza?
2. Kwa nini tusifungue pawa saplai?
3. Hesabu za kikundi chetu zimeandikwa wapi pengine, mbali na kompyuta?